Ijumaa za Mustapha

Soko la Majengo lilikuwa limefurika siku gunia la vitunguu lilipopasuka miguuni mwa Naima. Mwenye gunia, kijana mrefu mwenye kofia ya kufuma, aliinama kuokota, akamtazama, akasahau kuokota.

"Dada, nimekuumiza?"

"Hujaniumiza. Umeniziba njia."

"Basi simama hapohapo, nizidi kukuona."

Huyo ndiye Mustapha, mfanyabiashara kutoka Busi, kule Kondoa. Haukupita muda Naima, fundi cherehani, akawa hashoni vizuri mpaka simu yake iite. Lakini kila Ijumaa Mustapha hakupatikana. Alhamisi "mpenzi wangu", Jumamosi "mpenzi wangu", katikati kimya.

"Ana mke huko," alisema Joha, shoga yake, akikata uzi kwa meno. "Ijumaa ni zamu ya mwenzio."

Ijumaa iliyofuata Naima alivaa baibui jipya, akapanda basi la alfajiri.

Kitongoji cha kina Mustapha, kilimani juu ya Busi, kilimtisha. Nyumba nyingi, kufuli. Hakusikia hata mtoto akilia. Mlangoni mwa msikiti alimkuta Mustapha na kanzu yake nyeupe, yeye na imamu mzee wakihesabu wanaume wanaoingia.

"Naima! Umefuata nini?"

"Mke mwenzangu. Yuko wapi?"

Imamu akacheka. "Mke mwenzio ndio huu msikiti, mwanangu."

"Shikamoo, babu," Naima alisema kwa haya.

"Kwetu Ijumaa haiswaliwi bila wanaume arobaini, tena wakazi," Mustapha alieleza. "Vijana wamehama wote. Mimi ndiye wa arobaini. Nikikosa, hawa wazee wanaswali adhuhuri tu."

"Ukashindwa kuniambia?"

"Niliogopa, nikawa nazima simu. Ungejua tukioana tutaishi huku, ungenikatia simu."

Baada ya swala Mustapha alimfuata kivulini. "Nikuoe, Naima?"

"Unanioa mimi, au unatafuta wa kukuzalia wa kujaza msikiti?"

"Wewe. Hata tukipata wa kike watupu."

"Na nesi wa kunizalisha yupo?"

Mustapha akaangalia chini. "Naye alihama."

Naima akayatazama yale makufuli. Kisha akaona vidole vya Mustapha vimeikunjakunja kofia yake. Akavua viatu vya visigino.

"Nionyeshe kwanza mnakochota maji. Ila kujifungua nitajifungulia mjini, na wewe utakuwa mlangoni. Hata ikiwa Ijumaa."

Mustapha aligeuka, akautazama msikiti.

"Hata ikiwa Ijumaa," akasema.