Mgeni Aliyekuja na Mawe ya Uskoti

Sogeeni, mkekani pana nafasi. Lenny, tafuna hizo njugu polepole. Hadithi hii haitaki kelele, maana anayetajwa humu ana masikio.

Ilianza na harufu ya mvua. Mvua gani, Doha, mwezi wa saba, ambapo hata maji ya bomba yanaunguza? Lakini Shamira, mtoto wa marehemu dada yangu, aliinusa sebuleni kwa tajiri wake kule Al Wukair, nje kidogo ya mji: harufu ya mvua na majani yaliyooza.

Alikuwa akimlea Miriam, binti wa miaka minne, mashavu kama maandazi. Baba yake Miriam alipenda vitu vya kale. Alinunua Uskoti meko ya mawe kutoka ngome iliyobomoka, akayajenga upya sebuleni. Meko ya kuota moto, katika nchi ile! Mungu akikupa mali, na akili uziombe.

Aliyemwonya Shamira ni Japheth, dereva, Mkenya mwenzake. Walikuwa jikoni wakinywa chai.

"Dada, hayo mawe usiyaegemee."

"Yataniuma?"

"Cheka tu. Yule fundi Mzungu aliyeyapanga, mimi ndiye nilikuwa namwendesha. Alikataa katakata kulala humu."

Ndipo Japheth akamsimulia. Mwenye ngome wa kwanza aliitwa Bwana Herbert. Mwaka wa njaa alifunga ghala, na watu waliomlimia mashamba wakafa langoni pake wakigonga. Bibi kizee mmoja, kabla hajakata roho, alimwambia, "Utakula usishibe." Herbert akafia mezani, nyama imejaa kinywani, mwili umekauka kama ukuni. Mwanawe akairithi ngome, akafa hivyo hivyo. Mjukuu naye. Akainunua mfanyabiashara wa vitambaa, akaikimbia, ikakaa tupu mpaka paa likaanguka. Wakabaki kondoo kujikinga na upepo.

"Na kondoo nao wakakonda," Japheth akasema.

"Hata kondoo?"

"Hata kondoo, dada."

Shamira akacheka. Sisi watu wa Mumias tunacheka tukiogopa.

Mchana mmoja nyumba yote ilikuwa imelala. Miriam alisinzia kochini, Shamira akakaa zuliani na sinia la wali, mgongo kwenye meko. Akasikia hatua nyuma yake. Akadhani ni Japheth. Na nyinyi mnajua tunavyolea watoto hapa: huwezi kula na mtu amesimama. Bila kugeuza shingo akasema, "Karibu tule."

Hatua zikasimama. Baridi ikamshuka begani. Halafu, upande wa pili wa sinia, wali ukaanza kuchotwa. Mkono hakuuona. Aliona mifereji ya vidole, mmoja, mwingine, mwingine.

Tangu siku hiyo Miriam akawa anakula na kukonda, anakula mkate na samli na nyama na tende, na kadiri alivyokula ndivyo mashavu yalivyoingia ndani na mbavu zikahesabika kwa macho, na kila alipotafuna, mekoni kulisikika mtafuno mwingine, wa taratibu, wa meno makubwa, ukimfuata tonge kwa tonge.

Madaktari hawakuona ugonjwa. Mama yake Miriam akamshika Shamira kooni. "Wewe umemloga! Akifa mwanangu, hutatoka nchi hii!"

Akaletwa sheikh kusoma. Katikati ya kisomo sauti ikatoka mekoni, kwa Kiswahili cha Mumias, tena sauti ya Shamira mwenyewe: "Sikuvamia. Nilikaribishwa." Sheikh hakuelewa neno. Alifunga msahafu, akaondoka bila viatu.

Shamira akajifungia bafuni, akampigia mama yake.

"Mama," akanong'ona, "nimekaribisha kitu kisichoonekana. Kinamla mtoto."

"Kimekaa kwa muda gani?"

"Mwezi."

"Mwezi mzima, na hujakipa jembe? Ulilelewa wapi wewe? Mgeni siku mbili. Ya tatu je?"

Kesho yake mchana akachukua jembe la mtunza bustani, lenye mpini wa kijani. Akaweka sinia mbele ya meko, akasubiri wali uchotwe, kisha akaulaza mpini juu ya sinia.

"Umekula. Amka ukalime."

Kiyoyozi kikazima. Mawe yakaguna, harufu ya udongo mbichi ikapanda ikamziba pua, na jembe likainuka lenyewe polepole kama linaloshikwa na mtu ambaye hajawahi kushika jembe, naye Shamira akatangulia, maana mgeni husindikizwa, akapita ukumbini bila kugeuka huku chuma kikiburutwa juu ya marumaru nyuma yake, krrr, krrr, na pumzi ya baridi ikimgusa kisogo, pumzi iliyojaa chuki, mpaka akafika langoni akafungua, na krrr ikampita begani ikatokomea kwenye jua.

Aliporudi, Miriam aliomba mkate. Akala nusu, akacheua, akasema ameshiba.

Mama yake hakushukuru. Alimkatia Shamira tiketi.

Shamira alipofika Mumias alimkuta mama yake amesimama ukingoni mwa shamba. Lote limelimwa, matuta yamenyooka.

"Mama, umemwajiri nani?"

"Nilidhani wewe ndiye uliyemtuma mtu," dada yangu akajibu kwa sauti ya chini.

Jembe la mpini wa kijani lilikuwa limeegemea mlango, na chuma chake kinanukia mvua isiyo ya kwetu. Hapo ndipo walipokumbuka jambo walilolisahau: mgeni ukishampa jembe, si mgeni tena. Ni mtu wa nyumbani.

Tajiri yule alikufa, ndugu yake akarithi mawe. Nasikia yamo hotelini Lusail, nchi ile ile, wageni wanapigia picha. Miriam amerithi nyumba, na afya anayo. Shamira hakurithi kitu ila woga. Hali chakula akiupa mlango mgongo. Dada yangu alipofariki, shamba nililirithi mimi. Ndiyo maana hamjawahi kuniona nikilima, na kila jioni napakua sahani moja ya ziada.

Nikienda mimi, Lenny, shamba ni lako. Pamoja na anayelilima.