Amani ya Nusu Kikombe

Haya yalimpata Sifuna, rafiki yangu wa Makongeni, na alinisimulia bila kupandisha wala kushusha sauti.

Yeye na kakake Jared walizoea kucheza gemu ya wafalme kwenye laptop moja, kila mtu na zamu yake. Sheria yao: anayekubali amani hunywa nusu ya chai ya mwenzake. Jared alipofariki, Sifuna aliiachia kompyuta iuendeshe ufalme wa Jared. Kila alipoomba amani, ilikataa.

Jumamosi moja mchana aliomba tena, akajimiminia chai, kisha tokeni ya umeme ikaisha. Laptop ikazima, betri ilikufa kitambo. Chumba hakina dirisha, giza likajaa. Akafunga kufuli, akaenda dukani kununua stima.

Aliporudi alisikia kucha zikigonga meza polepole, vile Jared alivyogonga akiwaza. Hakukimbia. Alibonyeza namba za tokeni kwenye mita, taa ikawaka, kucha zikanyamaza. Akawasha laptop: amani imekubaliwa.

Kikombe alichokijaza kilikuwa upande wa meza aliokuwa akikaa Jared, kimebaki nusu.

"Ukafanya nini?" nikamuuliza.

"Nilimaliza iliyobaki, buda. Ilikuwa bado moto."