Saa Sita Kutoka Mumbai

Tunu aliamka mapema. Akakimbia hadi kitandani kwa baba.

"Baba, ni leo?"

"Ni leo, mwanangu. Mama na Faki wanarudi leo."

Faki ni mdogo wake Tunu. Alizaliwa na tundu dogo kwenye moyo. Akinyonya kidogo, anachoka. Akilia kidogo, anachoka.

Mama akampeleka Mumbai, kwa madaktari wa moyo. Wamekaa huko miezi miwili.

"Mumbai ni mbali, baba?"

"Mbali sana. Kutoka kule mpaka hapa Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu nne. Na njia karibu yote ni bahari."

"Ndege inachukua muda gani?"

"Kama saa sita." Baba akachukua saa ya mezani. "Sasa hivi wameruka. Mshale huu mfupi ukifika hapa, watatua."

Vuuuu! Ndege iko angani.
Njoo, ndege, njoo!

Tunu akanywa uji. Akatazama saa. Tik, tik, tik. Mshale umesogea kidogo tu.

Akamvalisha mdoli. Akamvua. Akamvalisha tena. Tik, tik, tik. Mshale umesogea kidogo tu!

Tunu akaigeuza saa. Akazungusha kile kidude cha nyuma. Krrrr! Mshale ukafika.

"Baba! Wametua! Twende!"

Baba akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Akaitazama saa. Akamtazama Tunu.

"Saa umeisukuma, Tunu. Na ndege je, nani kaisukuma?"

Tunu akaanza kulia. "Saa sita ni nyingi! Faki atanisahau!"

Baba hakumkaripia. Alirudisha mshale mahali pake, akamfuta machozi. Unga ukabaki puani kwa Tunu.

"Saa haisukumwi," akasema. "Njoo tusukume chapati."

Wakasukuma chapati. Moja ikawa duara. Moja ikawa kama sikio la tembo. Zote zikaiva.

Vuuuu! Ndege iko angani.
Njoo, ndege, njoo!

Mchana wakaenda uwanja wa ndege. Watu wakatoka, wakatoka, wakatoka.

"Mama!"

"Tunu wangu!"

Tunu alisahau hata kuamkia. Alimkumbatia mama kwa nguvu zote.

Faki akamtazama Tunu. Akakunja uso. Akafungua mdomo.

"Ngaaaa! Ngaaaa!"

Watu wote wakageuka.

"Mama, mnyamazishe! Atachoka!"

Mama alicheka, huku machozi yakimtoka. "Mwache alie, Tunu. Siku hizi hachoki."

Baba naye akajifuta macho.

Hapo akapita mama mmoja mwenye kofia ya rubani. Tunu akamkimbilia.

"Shikamoo! Ni wewe uliyeendesha ndege ya kutoka Mumbai?"

"Marahaba. Ni mimi."

"Asante kwa kumleta Faki. Asante kwa kumleta mama."

Rubani akavua kofia, akachuchumaa. "Asante na wewe, mwanangu. Safari ni ndefu. Leo uchovu wote umeniisha."

Jioni, nyumbani, mama alikula chapati nne. Faki alinyonya, akanyonya, mpaka akashiba. Kisha akalala mkekani.

Tunu akalala kando yake. Akaweka sikio kifuani kwa Faki, polepole.

Du-dum. Du-dum. Du-dum.

"Asante, moyo," Tunu akanong'ona.

Naye akasinzia papo hapo.