Mama Ndani ya Simama

Kifuniko cha birika ndicho kilichokuwa cha kwanza kuamka katika nyumba ile. Kabla ya jogoo, kabla ya redio ya jirani, kiligongagonga gizani juu ya jiko, na Chapuchapu akajua kwamba mama yake yuko macho na chai imekaribia.

Chapuchapu halikuwa jina lake. Alipewa kwa sababu ya vidole vyake. Mama yake alikuwa mpiga chapa, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa ofisi: meza moja, kompyuta moja, printa iliyokohoa kila ilipovuta karatasi, na benchi la wateja. Msichana huyo wa miaka kumi na miwili alijua kuandika bila kutazama vibonye. Wateja walimsifu, naye kichwa kikamvimba kidogo.

"Vidole vyako vina mbio," mama yake alizoea kumwambia. "Macho je? Usichapishe kitu kabla hujakisoma neno kwa neno."

"Sawa, mama," alijibu kila mara, na sikio la pili likalitoa lile lililoingia kwa la kwanza.

Asubuhi hiyo ya Jumamosi walikunywa chai bila maneno. Mkunga wa mtaa alikuwa amefariki. Karibu watoto wote wa mtaa ule, Chapuchapu akiwa mmoja wao, walipokelewa duniani na mikono yake. Jioni iliyotangulia, mumewe, mwashi mzee ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, alikuja na binti yake kuandikisha wasifu wa marehemu. Binti ndiye aliyesema, mama yake Chapuchapu akiandika. Mwashi aliongeza sentensi moja tu, akataka asomewe mara mbili: *Mjamzito aliposhikwa na uchungu, mama alimshika mkono akamwambia: Simama, mwanangu, simama. Nipo.*

"Hilo msilisahau," mzee alisema. "Ndilo neno lake. Hata mimi aliniambia hivyo, siku nilipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi nikadhani sitatembea tena."

Baada ya chai, mama yake Chapuchapu alikwenda msibani kusaidia kuosha vyombo. Mara tu alipoondoka, binti ya marehemu akabisha hodi. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Mama yupo, mwanangu?"

"Amekwenda kwenu, shangazi. Mmepishana."

"Basi nisaidie wewe. Nimejaribu kuusoma ule wasifu, sauti inakatika. Atausoma mwanangu. Kwa kuwa yeye ni mjukuu, palipoandikwa 'mama' paandikwe 'bibi'."

"Hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua, shangazi."

"Usiharakishe. Mazishi ni alasiri."

Lakini nje wenzake walikuwa wakiruka kamba, na sauti zao zilipita dirishani: "Chapuchapu! Zamu yako, utaipoteza!"

Programu ya kuandikia ilikuwa na kijisanduku cha kubadilishia maneno. Neno la zamani linaandikwa juu, jipya chini, halafu unabonyeza *Badilisha zote*. Chapuchapu aliandika "mama" juu na "bibi" chini, akabonyeza. Kompyuta ikatii papo hapo. Akahifadhi maandishi mapya juu ya yale ya zamani, printa ikakohoa, na karatasi ikatiwa katika bahasha.

"Umeisoma, mwanangu?"

"Nimeisoma, shangazi."

Yule mama alimwekea mkono kichwani. "Ahsante. Mikono yako ina baraka kama ya bibi yako mkunga."

Makaburini, mjukuu wa marehemu, aliyekuwa akisoma darasa moja na Chapuchapu, alisimama mbele ya watu. Shati la kuazima lilimfika magotini. Alifungua bahasha, akasoma kama alivyoagizwa, bila kuruka neno.

"Bibi yetu alizaliwa kijijini. Bibi yake alikufa yeye akiwa mchanga, akalelewa na bibi yake."

Watu wakatazamana.

"Akasomea ukunga. Aliwasaidia akina bibi wengi kujifungua."

"Akina bibi?" mtu alinong'ona nyuma. Kicheko kikamponyoka kijana mmoja puani.

"Hakuchoka kusi... kusibibi usiku kucha."

Hapo watoto walishindwa kujizuia, na hata watu wazima wawili watatu waliziba midomo. Mvulana alitazama karatasi, akamtazama mama yake, akaendelea, maana hakuna aliyemwambia aache. "Bibi alimshika mkono akamwambia: Sibibi, mwanangu, sibibi. Nipo."

Mwashi mzee, aliyekuwa akiisubiri sentensi ile ameinamisha kichwa, akakiinua.

"Amesema nini?" aliuliza. "Hebu arudie."

Hakuna aliyemwambia mtoto arudie.

Chapuchapu alielewa papo hapo. Ndani ya "simama" mlikuwa na "mama". Kompyuta haijui kusimama ni nini, wala mama ni nani. Iliambiwa ing'oe, ikang'oa popote ilipokuta herufi zile.

Usiku ule mama yake alimketisha. "Mimi niliandika 'simama' kwa mikono yangu. Ile 'sibibi' imetoka wapi?"

"Ni... ni virusi, mama. Kompyuta imeingiwa na virusi."

Mama yake alimwamini. Alichomoa waya, akaifunika kompyuta kwa shuka kama mgonjwa mwenye homa, akabandika tangazo mlangoni: MASHINE INAUMWA. TUNAOMBA RADHI. Wateja wakalisoma, wakasema pole, wakaenda zao. Fundi aliahidi kuja atakapopata nafasi. Siku zikapita, na benchi likabaki tupu.

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi.

"Sibibi! Sibibi, umekalia kiti changu!"

"Sibibi, mwanangu, nipo!"

Mjukuu wa mkunga hakujibu. Wakati wa mapumziko alikaa akiutazama ukuta. Siku moja msichana wa dawati la nyuma alimsukuma Chapuchapu kwa kiwiko, akauliza, "Mbona wewe huchekagi?" Chapuchapu akacheka. Kicheko kile kikamkwama kooni kama mwiba wa samaki, na wali wa jioni haukukisukuma chini.

Kesho yake mama yake alimwita. "Nenda kwa mzee mwashi, umwombe radhi kwa niaba yangu. Mwambie ni virusi. Mashine ikipona nitamwandikia upya."

Nyumba ya mwashi ilikuwa na giza mchana. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Viatu vya marehemu, vile vyeupe vya kazini, bado vilikuwa mlangoni vimetazama nje, kana kwamba mwenyewe ataitwa kwa mgonjwa wakati wowote. Mzee aliketi kwenye kigoda. Kando yake palikuwa na sahani iliyofunikwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mtoto wa mpiga chapa."

"Ahaa, Chapuchapu. Ulizaliwa kwa haraka wewe! Mke wangu alisema hukumpa hata nafasi ya kuvua koti." Alijaribu kucheka, kicheko kikaishia njiani. "Sema, mwanangu."

"Mama anaomba radhi. Yale maneno yaliharibika kwa sababu ya... ya virusi."

"Virusi." Mzee alilitafuna neno lile polepole. "Ugonjwa hauna adabu, hauchagui mtu wala mashine. Poleni sana. Na kazi ikilala hivyo, nyinyi mnakula nini?" Akapapasa, akaisukuma ile sahani kuelekea kwake. "Kula, mwanangu. Mimi koo limefunga."

Kama angemfokea, huenda Chapuchapu angeushikilia uongo wake. Sahani ile ilimshinda.

"Babu, si virusi," alisema, na machozi yakamtangulia. "Ni mimi. Sikuusoma ule wasifu. Niliiambia kompyuta ibadilishe yote kwa mara moja, nikamwambia shangazi kwamba nimesoma. Halafu nikamdanganya mama."

Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo, na sauti ikaja, ikapita, ikapotea.

"Kwa hiyo aliyekosea hakuwa mjukuu wangu," alisema mwishowe. "Mimi nilidhani alifanya mzaha juu ya kaburi la bibi yake. Walinieleza kwamba ndivyo ilivyoandikwa, sikuamini. Tangu siku ile sijamruhusu anishike mkono kunivusha barabara."

Pazia la mlango likatikisika. Mvulana alikuwa amesimama pale na kikombe cha maji, amesikia yote.

"Na ulicheka," alimwambia Chapuchapu. "Nilikuona."

"Nilicheka. Naomba unisamehe."

"Sijui," mvulana alisema. Akaweka kikombe chini, akageuka kuondoka.

"Mjukuu wangu," mzee alimwita, mkono wake ukitafuta hewani. "Kabla ya huyu kuna mimi wa kuomba radhi. Nilikuonea. Njoo."

Mvulana alisita, kisha akaja akaushika mkono ule. Wakakaa hivyo, na Chapuchapu akautazama ukuta, kwani kuna mambo yasiyotazamwa.

"Sasa, fundi," mzee alisema baadaye, "ukuta umepinda. Tunaunyoosha vipi?"

"Si airudishe tu 'bibi' iwe 'mama'?" mvulana aliuliza.

"Haitafaa," Chapuchapu alijibu. "Bibi wa kweli yumo pia, yule aliyemlea marehemu. Naye atageuka kuwa mama, na mama mwenyewe alikufa."

"Basi tutakwenda tofali kwa tofali. Leteni ile karatasi ya makaburini na penseli. Kila neno nalikumbuka."

"Nirudishe 'mama' au niache 'bibi', babu?"

"Mama. Ndivyo nilivyomwita mimi."

Mjukuu alilivuta pazia kidogo ili mwanga uingie. Chapuchapu akawa anasoma sentensi moja, mzee anakubali au anakataa, penseli inakata neno na kuandika jingine. Ilikuwa kazi ya kuchosha.

Jioni ile alimwambia mama yake ukweli, amesimama, mikono nyuma. Mama yake hakupiga kelele, na hilo liliuma zaidi. Alikwenda mlangoni akabandua tangazo, akalikunja mara nyingi sana.

"Nilikuwa nampa kila mteja uongo wako bila kujua kwamba ni uongo," alisema. "Wakirudi, utawaeleza mwenyewe, mmoja mmoja. Mimi nitakaa kimya."

Aliwaeleza. Darasani pia, mwalimu alipompa nafasi, alisimama mbele ya wenzake. "Yule hakukosea kusoma," alisema. "Aliyekosea kuandika ni mimi. Mkitaka kumwita mtu Sibibi, niiteni mimi." Wengine walicheka, wengine walinyamaza. Jina lile likamhamia, akalibeba. Mjukuu wa mkunga hakumwambia neno, lakini wakati wa mapumziko hakukaa tena akiutazama ukuta.

Jumapili Chapuchapu na mama yake walipeleka wasifu mpya. Safari hii aliusoma mara mbili kabla ya kuchapisha, kidole chini ya kila neno. Alimsomea mwashi polepole, mvulana akiwa ameketi sakafuni, mpaka akafika pale.

"'Mama alimshika mkono akamwambia: Simama, mwanangu, simama. Nipo.'"

Mzee aliweka kiganja ukutani, akajivuta, akasimama. Alisimama tu pale katikati ya chumba, mrefu kuliko walivyomkumbuka. Halafu akaketi tena. Viatu vyeupe bado vilikuwa mlangoni.

"Sikilizeni, wanangu," alisema. "Sisi waashi tuna timazi, ile kamba yenye chuma chini. Ukuta hata uwe mzuri vipi machoni, tunaupima kwa timazi, maana mkono una haraka na jicho lina kiburi. Kusoma ulichoandika ndiyo timazi yako. Mashine itakupa mbio, lakini haitakuambia kwamba umepinda. Na ukipinda, sema mapema. Ukuta wa kimo cha goti hubomolewa na mtu mmoja. Ukiufunika kwa uongo mpaka ufike darini, utawaangukia na wasiokuwamo."

"Nimesikia, babu."

"Wewe husikia chapuchapu pia, nasikia."

Mama yake akacheka kidogo. Hata mvulana alitabasamu, akakificha kinywa.

Walipoaga, mzee alikuwa bado ameishika ile karatasi kwa mikono miwili, ingawa kwake ilikuwa nyeupe tupu.

"Mwanangu," mzee aliita, Chapuchapu alipofika mlangoni, "karatasi hii haijui kujisoma. Huyu mjukuu wangu bado inamkaba koo. Njoo tena unisomee. Njoo, lakini njoo polepole."