Meno ya Bibi Donatienne

Kila siku Iteka alirudi kutoka shuleni kwa basi la Barabara ya Kipling, huko ughaibuni walikohamia, akapanda lifti hadi kwao, akampashia bibi yake chakula. Baada ya hapo ilibaki kazi aliyoichukia: kuyasugua meno bandia ya Bibi Donatienne na kuyaloweka hadi asubuhi.

Bibi naye hakupenda kuyatoa. "Niache nayo. Wamama wa kanisa wakipiga simu ya video, wanione kibogoyo?"

Iteka, aliyekuwa amechoka, alimwacha nayo. Mama yake aliporudi kutoka kazini, akiburuta miguu, aliuliza, "Meno ya bibi umeyasafisha?"

"Ndiyo, Mama."

Baridi ilipoanza, Bibi alishikwa na nimonia. Alilazwa, akapona, akarudi nyumbani. Hazikupita wiki nyingi akalazwa tena. Safari hii hata kusema kulimshinda. Kifua kilikoroma kila alipovuta pumzi.

Daktari Zebunissa, mzaliwa wa Mwanza, alimchungulia kinywani. "Haya meno yanasafishwa?"

"Kila siku, na binti yangu," Mama akajibu.

"Basi tutafute sababu nyingine."

Iteka alimtazama bibi yake akihangaika na pumzi. "Si kweli," akasema. "Siyasafishi. Bibi analala nayo."

Mama alijitupa kitini. "Kutwa nzima nasafisha vinywa vya wazee wa watu, Iteka. Nyumbani tuna mzee mmoja tu."

Daktari hakufoka. "Meno machafu hufuga vijidudu. Mzee akilala, mate huweza kuteremka hadi mapafuni, na vijidudu vikaenda nayo. Nimonia ina njia nyingi, lakini hii tunaweza kuiziba."

Bibi alipona polepole. Jioni ya kwanza nyumbani aliyatoa meno mwenyewe, akamkabidhi mjukuu wake. "Haya, chukua, mbea wewe!"

Iteka aliyasugua pande zote, mama yake akiwa ameegemea mlango wa bafu, bado na sare ya kazi.

"Kuchoka si kosa," Mama alisema. "Hata mimi nachoka. Ungeniambia, 'Mama, leo nimeshindwa,' ningeyasugua mimi. Kazi ambayo haijafanywa, mwingine ataifanya. Lakini ukidanganya kwamba imekwisha, nani ataigusa?"