Wifi, Shika Miguu

"Huyu Yahaya ni nani, wifi?"

Apolinaria alikuwa amesimama mlangoni, simu ya Recheli mkononi. Akausoma ujumbe kwa sauti ili mtaa mzima wa Sikonge usikie:

"'Kesho usikose, nakusubiri. Yahaya.' Anakusubiri wapi? Kitandani?"

Recheli alikuwa ameinama, anamgeuza mumewe ubavu asipate vidonda. Tangu Octavian aanguke mtini akirina asali, akaumia uti wa mgongo, miguu yake haikusikia tena. Na kwa kumbeba, kiuno cha Recheli nacho kilikuwa hoi.

"Kaka akiwa porini kwenye mizinga, wewe uko na wanaume! Si ndiyo maana akaanguka? Na sasa hata aibu huna, kila Jumamosi Tabora!"

Maneno hayo ukoo mzima ulishayameza. Mke akitoka nje ya ndoa, mrina asali huanguka, ndivyo walivyoamini. Octavian aliyasikia kila siku, akanyamaza. Hilo lilimuuma Recheli kuliko kiuno.

Akampokonya wifi yake simu, akapiga, akaweka spika.

"Mama Shukrani! Muuguzi Yahaya hapa, wa kliniki ya Jumamosi Tabora. Kesho wahi. Watafiti wa majeraha ya uti wa mgongo wanataka kuwaona na ninyi mnaouguza, tuwafundishe kumgeuza mgonjwa bila kujiumiza. Bado hujapata ndugu wa kukusaidia?"

"Sijapata," Recheli alisema, akakata.

Apolinaria akabetua midomo. "Hata kama. Kaka aliangushwa na nini?"

Recheli akafunga nguo zake kwenye kanga, akakiweka kifurushi mlangoni. "Nakwenda kwetu Goweko. Baki umgeuze wewe."

"Recheli, usiende," Octavian alisema.

"Unaamini nilikuangusha?"

Octavian akageuzia uso ukutani.

"Nijibu, Baba Shukrani!"

"Kamba ilikuwa imeoza. Masolwa, mrina mwenzangu, alinikataza nisiipandie. Nikambishia."

"Ukawaacha waniite malaya?"

"Niliona aibu. Mrina asali mzima, niangushwe na kamba yangu mwenyewe?"

"Aibu yako ukanivika mimi! Mbaya wewe!" Machozi yalimtoka kwa hasira.

"Nisamehe, mke wangu."

"Leo sikusamehe. Shika simu. Yaseme hayohayo kwenye kundi la ukoo, kwa sauti yako."

Akayasema yote. Simu ikaanza kulia mfululizo, shangazi huyu, baba mdogo yule. Hakuna aliyepokea.

Apolinaria akajitanda kanga, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi, wifi? Kesho Tabora tunakwenda wote. Sasa rudi, shika miguu. Nilikuwa sijamaliza kumgeuza."

Akarudi, akainama, akashika. Akaguna.

"Mizito hivi?"

"Kila siku, wifi. Haya, tugeuze."

Wakamgeuza. Octavian alikuwa analia, na Recheli akamfuta machozi kwa kiganja. Kifurushi chake kilikuwa bado mlangoni, hakijafunguliwa.