Kichwa Kilichopewa Ukubwa

Harufu ilianza wakati wa uji wa asubuhi. Bibi Sawa aliinua bakuli, akanusa chuma na siki, akaliweka chini. Ilikuwa harufu ya dawa nyeusi ambayo wake wa ngome ya Ukaji hupaka meno yao, na chungu chenyewe kilikuwa kimefunikwa kabatini.

"Nani kafungua chungu?"

"Hakuna, bibi," alijibu Ofude, mtumishi wake. Huyu Ofude kwa kawaida alikuwa na domo la kuchosha ngome nzima, lakini leo alinong'ona. "Hata mimi naisikia. Na kuna mtu anatembea ukumbini, anavuta mguu. Nikitoka simwoni."

Sawa alijua alichokifanya.

Vita vilikuwa bondeni, na vichwa vya maadui vililetwa ngomeni. Kuviosha, kuvichana nywele na kuvifunga vibao vya majina ilikuwa kazi ya wanawake wa ukoo, kabla bwana mkubwa wa ngome hajavikagua. Wanaume wakubwa nao walipaka meno dawa hiyo, kwa hiyo kichwa chenye meno meusi kilimpa sifa aliyekikata, na chenye meno meupe hakikutazamwa mara mbili. Munetaka, mume wa Sawa, alirudi na kimoja tu, cha mkulima aliyeshikishwa mkuki kwa nguvu, ngozi imebabuka kwa jua la mashambani.

"Kipake," alisema. "Wake za wenzangu wote wanapaka."

Sawa akapaka, tena kwa madaha, huku akimtania marehemu, "Haya, mzee, leo umepanda cheo." Bwana mkubwa akakisifia, akakipa jina la jemadari wa adui aliyekuwa hajulikani alipo, na habari ikatangazwa kwa washirika wote. Watawa wakakiombea kwa jina hilo. Mkulima mwenyewe hakuombewa na mtu.

Jua lilipopanda siku hiyo ya harufu, Ofude alikutwa amepiga magoti kando ya mlango, mikono juu ya mapaja, kama mtumishi anayengoja kuitwa. Alikuwa bado anapumua.

"Bibi, ananitaka," alisema kwa shida. "Anasema umempa ukubwa, na mkubwa haendi safari peke yake."

Akakata roho. Walipomlaza, magoti yake hayakukunjuka.

Sawa alikimbilia chumba cha mwanawe. Torachiyo alikuwa na miaka sita, mtoto wake pekee, mtundu ambaye hakuwahi kukaa kitako hata wakati wa kula. Alimkuta amekaa wima, kimya, mikono imeinuliwa mbele kama aliyebeba upanga wa bwana wake.

"Unacheza nini, mwanangu?"

"Sichezi, mama. Nimepewa kazi."

Mtawa aliyeitwa aje kumwombea mtoto alisoma kidogo, akafunga kitabu chake. "Sala hazimfikii marehemu. Mnamwita kwa jina la mtu mwingine. Nipeni jina lake."

Munetaka aliinamisha kichwa. "Silijui, na nikikiri ili litafutwe, bwana mkubwa ataniamuru nijipasue tumbo."

"Na Torachiyo je, baba yake?" Sawa aliuliza. Munetaka alikuwa analia, lakini hakuinuka.

Basi Sawa akaenda yeye, akaanguka mbele ya bwana mkubwa, akasema yote. Bwana mkubwa aliendelea kunywa chai yake.

"Nilijua," alisema. "Majemadari hawana shingo iliyoungua jua namna ile. Lakini washirika wetu wamebaki nasi kwa sababu ya kichwa hicho. Nikisema ni cha mkulima, kesho wataondoka, na adui atatuchoma humu ndani sote."

"Basi litafutwe jina lake tu, bwana wangu. Kwa siri."

"Nani aliwahi kuuliza jina la mkulima? Rudi kwako, Sawa. Wewe bado kijana, utazaa mwingine."

Alirudi kwa njia ya ukumbi mrefu, mchana kweupe, na nyuma yake mguu ukaanza kuburuzwa juu ya mbao, taratibu, akisimama unasimama, akikaza mwendo unakaza, na harufu ya chuma na siki ikazidi mpaka ikamkaa kooni, naye hakugeuka kwa kuogopa kuiona tena sura aliyoiosha kwa mikono yake, akawa anaomba radhi kwa sauti ya chini, anamwita baba, anamwita mzee, anamwita kwa kila heshima aliyoijua isipokuwa jina lake, mpaka alipofika mlangoni kwa mwanawe, na mguu ukampita, ukaingia kwanza.

"Mchukue mama yake," Sawa alisema. "Mimi ndiye niliyekupaka. Mwache huyu."

Torachiyo alisikiliza kidogo, uso umeelekea mahali pasipo na mtu. Kisha akamgeukia mama yake kwa adabu, kama anayezungumza na mgeni.

"Bwana anasema tunaondoka sasa. Anasema unichane nywele vizuri. Mkono wako anaukumbuka, ni mwepesi."

Sawa alichukua kitana. Alichana polepole sana, unywele mmoja mmoja, huku machozi yakimdondokea mtoto utosini, na alipofunga fundo la mwisho, kichwa cha mwanawe kikamlemea mikononi.